Dereva Hakuwa na Kosa

Kwa muda mrefu nimewaacha watu waamini kwamba keki ya harusi niliyoipeleka Mjini iliharibiwa na joto na matuta ya barabarani. Si kweli. Keki ile niliiharibu mwenyewe, jikoni kwangu Jambiani, Unguja, kabla haijapakiwa garini, kisha nikamwacha kijana wa watu abebe lawama. Naandika haya kwa sababu wapishi wenzangu bado wananiuliza siri ya jamu yangu ya nanasi, nami nimechoka kusifiwa.

Ilikuwa keki ya matabaka matatu, katikati jamu, nje krimu ya siagi. Jambiani ni nchi ya maweni. Mananasi yetu huja kutoka mashamba ya ndani ya kisiwa, na bei yake haitulii. Jamu ya haki hutaka sukari karibu sawa na uzito wa matunda, tena hutaka kukaa motoni mpaka ipungue. Mimi sukari niliipunguza nusu, maana wageni wa nyumba za kulala walikuwa wakinisifu kwamba jamu yangu haikinaishi, nikavimba kichwa. Moto nao niliuzima mapema, kwa kuwa kila kinachopungua sufuriani ni pesa inayopotea. Siri yenyewe ndiyo hiyo: kupenda sifa na tamaa.

Kwenye mkate wa asubuhi jamu ile haikuwa na neno. Mtu anapaka, anakula, imekwisha. Ndani ya keki, inayokaa usiku kucha na kusafirishwa asubuhi, mambo ni mengine. Maji ambayo sukari haikuyashika yalinywewa na keki; tabaka la chini likalowa, la juu likakosa pa kushika. Usiku niliiona imeinama upande mmoja, na nilijua kwa nini. Sikuibomoa. Nilipaka krimu zaidi ubavuni kuficha, nikajiambia itafika.

Njia ya Mjini hupita Jozani, na pale pana matuta yaliyowekwa ili magari yasiwagonge kima punju. Kijana aliyapanda polepole mno. Nayajua haya kwa sababu nilikuwa nimekaa nyuma nimelishika sanduku. Tulipofika Tunguu tabaka la juu lilikuwa limekwenda zake kama ngalawa iliyokatika nanga, na jamu inachuruzika kwenye ubao.

Mama mzazi wa biharusi aliitazama keki, akanitazama mimi, akanionea huruma. “Usijali, mwanangu. Kaskazi hii, na barabara zenyewe hizi!” Alinipa udhuru bila kujua, nami nikaupokea. Haikunitosha, nikaongeza wangu: nikasema dereva alikimbiza gari. Kijana alikuwa mlangoni, akanisikia. Hakunijibu, kwa kuwa mimi ni mkubwa wake na pale palikuwa na shughuli ya watu. Nauli yake niliikata. Pesa ya keki iliyobaki juu ya arbuni niliipokea yote.

Kilichonisuta baadaye ni kufahamu jinsi jamu inavyoganda. Inahitaji vitu vitatu vikutane kwenye moto wa kutosha: sukari, ukali na pektini, yaani kile kinachogandisha kilichomo ndani ya tunda lenyewe. Nanasi lina pektini kidogo. Pera na ganda la ndimu zinayo nyingi. Na kuganda kunalimwa mbele ya milango yetu. Mwani ambao akina mama wa pwani hii wanaupanda kwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hununuliwa hasa kwa ajili ya karajinani, kitu kinachotumiwa viwandani kushikisha vyakula. Baadhi yao Unguja sasa wanapika jamu ya mwani wenyewe. Majirani zangu wanajua kugandisha, na mimi fundi wa keki nilikuwa nauza maji matamu.

Nilidhani jamu ya katikati ni kitu cha kujaliza tu. Kumbe wenzetu wameshagombania mahali pake hata mahakamani. Keki ya Sacher ya Vienna, ambayo asili yake husimuliwa kuwa ni mwaka 1832, hutiwa jamu ya aprikoti. Hoteli Sacher na duka la Demel walishindana miaka mingi juu ya nani mwenye keki ya asili, na moja ya hoja ilikuwa kama jamu ikae pia katikati au chini ya chokoleti peke yake. Walipatana mwaka 1963.

Sasa napika hivi. Sukari siipunji. Nanasi nalichemsha pamoja na mapera na maji ya ndimu, mpaka kipimajoto kisome nyuzi 104 au 105. Sisi tuko usawa wa bahari, kwa hiyo kipimo hiki kinatufaa kama kilivyo. Aliyeko Arusha au Nairobi, maji yake huchemka mapema, basi ahesabu nyuzi nne au tano juu ya pale yanapochemkia kwake. Asiye na kipimajoto atie tone kwenye sahani baridi, alisukume kwa kidole; likijikunja, tayari. Jamu naiacha ipoe kabisa, nazungushia ukingo wa krimu pembezoni mwa tabaka, ndipo napaka jamu ndani yake, nyembamba.

Kijana nilimtafuta, nikamlipa nauli yake na kumwomba radhi. Kisha nilikwenda Mjini kwa yule mama, nikamweleza yote na kumrudishia pesa. Alizipokea. Akasema, “Keki imeshapita, mwanangu. Yule kijana umemwambia?” Nikamjibu nimemwambia. Akanikaribisha chai.

Wapishi wenzangu, jamu isiyojikunja kwenye sahani irudisheni motoni, hata ikipungua. Na keki ikiharibika njiani, onjeni kwanza jamu yenu kabla hamjamkata dereva nauli.