Mkono Wangu Mrefu

Ndugu msomaji, usicheke. Likizo ya Agosti nilitoka Lodwar, nikapanda gari hadi Kakuma kumsaidia shangazi dukani. Mimi ni mrefu, sukari ya rafu ya juu naifikia bila kiti. Jioni moja shilingi 200 zikakosekana. Mzee mmoja mteja akamwambia shangazi, "Mama, chunga, huyu kijana ana mkono mrefu." Nami nikatabasamu: "Asante mzee, hata baba ana mkono hivyo hivyo!"

Lahaula! Watu wakaangua kicheko, lakini shangazi hakucheka. Usiku binamu aliponieleza maana yake, sikupata lepe la usingizi. Kumbe nilikuwa nimekiri wizi, tena nikamtia na baba! Asubuhi pesa zilipatikana chini ya gunia la unga. Shangazi akaniomba msamaha.

Muhula huu mwalimu wa Kiingereza alituuliza: kwa Waingereza, mtu mwenye vidole vinavyonata ni nani? Darasa zima likajibu, "Mpishi!" Mimi nikasema, "Mwizi." Nikapigiwa makofi.

Wenzangu, nahau ya viungo vya mwili ukiijua nusu itakushtaki. Uliza kabla ya kutabasamu.