Gitaa la Mbaraka Hadi Buyenzi

Lori la masafa marefu lina umeme wa volti 24. Redio za magari, nyingi kati ya hizo, zimetengenezwa kwa volti 12. Kati ya viwili hivyo hukaa kisanduku kidogo cha bati kinachopunguza umeme, na kabla hatujatoka Kurasini dereva alinionyesha kilipo, nyuma ya kabati la juu ya kioo. "Mdogo wangu, hapa usiweke nguo wala karatasi. Huyu huchemka. Akizima, tunakwenda Bujumbura na stori tu."

Nilikuwa na kompyuta mpakato iliyojaa muziki: kaseti za baba nilizozihamisha moja moja, santuri za kuazima, na faili nilizopewa na watu kwa flashi. Nilikuwa na shughuli ya familia Bujumbura na ningeweza kupanda basi. Nikachagua lori, kwa sababu nilitaka kuusikiliza mkusanyiko ule mahali ambapo muziki una kazi. Dereva wa semi anayevuka Tanzania yote hadi Burundi hasikilizi kwa starehe peke yake. Anasikiliza asisinzie.

Utingo alifunga inveta, ile ya volti 24, maana ya volti 12 ukiichomeka kwenye lori inaungua papo hapo. Kisha akapitisha waya wa AUX kutoka kwenye tundu la kompyuta hadi kwenye redio. Dereva alikuwa na kidude cha FM cha kuchomeka penye kiwashio cha sigara, ambacho hurusha wimbo kwa mawimbi hadi kwenye redio iliyo hatua moja mbele yake. Kinafaa porini. Ukiingia mji kama Dodoma, stesheni zimejaa, na yale masafa uliyoyakuta matupu yana mtu anayesoma matangazo ya sabuni. Waya ni waya.

Hata hivyo waya nao ulikuja na lake. Kompyuta ikiwa kwenye chaji, spika zilitoa mluzi. Dereva akikanyaga mafuta mluzi unapanda, akiachia unashuka, pamoja na injini. Ni umeme wa alteneta huo, unaopita kwenye chaji na kujipenyeza kwenye waya wa sauti. Tukichomoa chaji, kimya. Basi tukapatana: muziki kwa betri tukiwa barabarani, chaji kwenye foleni za mizani. Vigwaza, Nala, Njuki. Vituo ambavyo madereva huvilaani vikawa ndivyo vinavyotupa nyimbo za kipande kinachofuata.

Morogoro niliweka Mbaraka Mwinshehe, na sikuomba ruhusa. Huwezi kuupita mji ule ukiwa na Mbaraka kwenye kompyuta ukaweka kitu kingine. Aliipigia Morogoro Jazz, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979. Kabla yake mji huohuo ulikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, aliyefariki mwaka 1965, naye kwa ajali ya barabarani. Dereva alisikiliza nyimbo mbili bila neno, kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu siku ile: "Huyu simwongezei sauti. Namsikia tu."

Ni kweli, na sababu yake iko kwenye kebini. Injini ya lori inanguruma chini kabisa, na ngurumo hiyo humeza besi. Muziki wa siku hizi, uliojengwa juu ya besi, ndani ya lori hubaki mtetemo wa mlango na maneno yasiyoshikika. Ukiongeza sauti unaongeza mtetemo. Bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa kwa njia moja, mono, zisikike kwenye redio ndogo za mkulima, za mpishi, za mlinzi. Mwimbaji na gitaa la solo waliwekwa katikati ya sauti, pale ambapo spika ndogo inaweza na ngurumo haifiki. Mhandisi wa studio ile hakuwa anawaza lori, lakini amelihudumia kuliko mtu yeyote. Nimesikia watu wakizionea huruma rekodi zile kwa kuwa ni hafifu. Wapande lori hadi mlima Sekenke, lori likiwa limeshiba mzigo na gia ziko chini, wasikie gitaa hilo linavyopita juu ya injini neno kwa neno.

Baada ya Nyakanazi, kwenye kipande kibovu, likatokea jambo la ajabu. Wakati huo alikuwa anaimba Khadja Nin, Mrundi, albamu yake ya Sambolera ya mwaka 1996. Gari likadunda, na Khadja akatoweka. Vyombo vikabaki vyote: ngoma, kinanda, waitikiaji pembeni. Yeye tu hayupo. Utingo akagusa waya, akarudi. Tukadunda tena, akaondoka. Nikabadilisha nikaweka Mbaraka, na hapo hapakuwa na sauti kabisa, isipokuwa mkwaruzo wa mbali wa santuri. Tukaweka tena Khadja: vyombo vipo. Mbaraka: hakuna. Utingo alisema kompyuta imechagua. Alitafuta kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, akaukunja waya penye jeki na kuubana. Ulishika tulipokuwa tumesimama tu.

Na tulisimama, Kabanga na Kobero, kwenye foleni ya mpakani, usiku, injini zimezimwa. Hapo ndipo nilipofungua folda ambayo barabarani haikuwa na maana kuigusa: inanga, ala ya nyuzi ya Burundi. Katika uimbaji wake mwimbaji hapazi sauti. Ananong'ona, na kwa kuwa mnong'ono hauna tuni yake, nyuzi za inanga ndizo zinazobeba tuni, hata sikio likaamini kwamba ni mtu anayeimba. Nilikuwa nayo kutoka kwenye rekodi zilizofanywa Burundi mwaka 1967 na kutolewa kwa santuri Ufaransa na lebo ya Ocora. Santuri hiyohiyo ilipeleka ngoma za Burundi mbali: Joni Mitchell wa Kanada aliziweka ndani ya wimbo wake The Jungle Line, mwaka 1975. Ngoma zilizunguka dunia, na mwaka 2014 zikaingia kwenye orodha ya UNESCO. Inanga ilibaki nyumbani. Dereva wa lori la jirani, Mrundi, mtu mzima, alishuka kwenye kebini yake akaja kusimama mlangoni petu. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

Kutoka Kobero mpaka Bujumbura hatukupiga muziki. Burundi gari hupita kulia, na lori letu lina usukani wa Tanzania, kwa hiyo dereva yuko kwenye ukingo wa barabara na abiria ndiye aliye katikati. Kupita gari lililo mbele kunategemea macho yangu: "Kaka, subiri. Subiri. Haya, nenda." Muyinga, Ngozi, Kayanza, nilikuwa mtu wa kazi. Kwenye milima vijana wa baiskeli walining'inia nyuma ya malori yanayopanda. Pale Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, barabara inaanza kuteremka kuelekea ziwani, na wale wale, wamebeba mkaa na ndizi, wanatupita kwa kasi. Dereva alishuka kwa breki ya injini na dirisha wazi, akisikiliza magurudumu yake.

Bujumbura, mzigo ukisubiri kushushwa, tulikwenda Buyenzi. Mtaa huo una gereji mlango hadi mlango na Kiswahili chake hakihitaji mkalimani. Fundi wa redio aliuangalia waya wetu, akauliza: "Sauti ya mwimbaji ilipotea, vyombo vikabaki?" Nikasema ndivyo. "Na nyimbo za zamani zikazima kabisa?" Ndivyo. Akaukata, akatuonyesha uzi wa ethi uliokatika ndani ya plastiki. Ethi ikikatika, alisema, redio inapata tofauti tu kati ya njia ya kulia na ya kushoto. Kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta, na mwimbaji hukaa katikati, pande zote mbili sawasawa. Wimbo wa mono ni sawa wote, kwa hiyo unajifuta wote. "Ukitaka kupima waya, mzee, usiupime kwa wimbo mpya. Pima kwa wa zamani."

Alichomelea jeki mpya, akaweka na kifaa kidogo cha kutenganisha ethi ili mluzi wa chaji ukome, halafu akasema nichague wimbo wa kipimo. Mbaraka akatoka spika zote mbili, uani, chaji ikiwa imechomekwa, na mafundi wa gereji ya pili wakaanza kuitikia kibwagizo wakiwa chini ya gari. Fundi hakutaka pesa yote tuliyopatana. Alitaka folda ya Mbaraka na ile ya inanga. Akaleta flashi yake, yenye nyimbo za Kidumu na Canjo Amissi na kaseti za harusi za Buyenzi ambazo sijaziona kwingine, tukabadilishana. Dereva alikuwa ameshaniambia mzigo wa kurudi ni wa nusu tu, lori litakuwa jepesi, na anataka zile za harusi zianze tukishamaliza mlima.