Nilisema gesi imeua gari ya Baba

Kama umenifuata tangu mwezi wa nne, ile video unaikumbuka. Niko mbele ya Fielder ya Baba, boneti iko juu, injini inatetemeka kama mtu ana malaria, na mimi naongea kama mtaalamu: "Wasee, hii ndio kitu gesi inafanyia gari zenu." Sekunde 40 pekee. Sijawahi kuposti kitu kikatazamwa vile.

Nilikuwa nimekosea. Na sio makosa madogo, kwa hivyo leo naandika, maana hii stori haitoshei sekunde 40.

Baba huendesha teksi ya apu hapa Nairobi. Kwetu bei ya mafuta sio habari ya kusikia kwa redio, ni kitu tunaongea kila usiku akihesabu doo mezani. Mwaka jana alijinyima akafunga mfumo wa gesi, karibu sh 70,000, nusu yake ikiwa mkopo wa chama cha Mamangu. Gesi yenyewe ni LPG, ile ile ya kupikia. (Ukienda Dar es Salaam ukisema gari ya gesi, watu wanaelewa CNG, ile gesi asilia. Hiyo ni mambo tofauti, na mtungi wake ni tofauti pia.) Gari haiachi petroli. Asubuhi inawaka na petroli, maji ya injini yakipata moto kiasi inahamia gesi yenyewe, na kuna swichi kando ya usukani ya kuirudisha. Lita ya gesi ina nguvu kama robo pungufu ya lita ya petroli, kwa hivyo unachoma lita nyingi zaidi, lakini kwa bei ambayo Baba alikuwa ananunua, bado alikuwa anabaki na kitu. Miezi saba tulikula vizuri.

Halafu taa ya injini ikawaka.

Mwanzo ilikuwa kitu kidogo. Akisimama kwa taa za barabarani gari inatikisika kidogo, akianza kwenda inatulia. Baada ya wiki mbili ikawa inazima kabisa kwenye foleni ya Jogoo Road, abiria akiwa nyuma. Nyota zake kwa apu zikaanza kushuka. Ndipo tukaanza safari ya mafundi.

Wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Gari ikapoa siku moja, ikarudi pale pale. Wa pili akasema ni koili, akauza koili moja. Bado. Akasema basi ni sensa ya oksijeni, leta sh 7,000. Baba hakuwa nazo. Wa tatu ndiye aliyeniharibia mimi, kwa sababu huyo alijua kuongea. Alipaka povu la sabuni kwa maungio yote ya gesi, hakuna hata tone lilitoa mapovu, akajipangusa mikono akasema: "Mzee, gesi haivuji popote. Imeshachoma valvu. Fungua injini, na hiyo gesi utoe kabisa." Nilikuwa nimesimama hapo na simu. Nikarekodi.

Na sio ati alitunga kila kitu. Gari ikitembea muda mrefu na mafuta kidogo na hewa nyingi, valvu zinaweza kuumia, na kuna injini ambazo viti vya valvu haviipendi gesi. Shida ni kwamba hakupima. Hakuna kati ya hao watatu aliyepima chochote. Tulikuwa tumemwaga zaidi ya sh 6,000 kwa vitu ambavyo vilikuwa vizima, na Baba alikuwa ameshapata mtu wa kununua ule mtungi na vifaa vyake kwa sh 25,000. Vya sh 70,000, ambavyo mkopo wake haujaisha. Dadangu mdogo alikuwa anafaa kurudi shule Jumatatu.

Jumamosi hiyo binamu yangu akaja kutusalimia. Amesomea magari chuo cha ufundi, na kwenye familia tunamchukulia tu kama mtoto wa shangazi anayependa kuchafuka. Akaiskiza gari dakika moja.

"Anko, walisoma kodi?"

"Kodi gani, mami?"

Kodi sio ya landilodi. Ni ile namba ambayo kompyuta ya gari inaandika ikiona shida. Alikuwa na kale kadude kadogo ka Bluetooth ka kuchomeka chini ya dashibodi, kanaongea na simu. Zikatoka mbili: P0171 na P0303. Ya pili inamaanisha silinda ya 3 inamisi. Ya kwanza inamaanisha mchanganyiko ni mwembamba: hewa nyingi, mafuta kidogo.

Hapa ndio nataka utulie, kwa sababu hapa ndio nilijifunza kitu.

Injini ya petroli inataka kama kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli ndio ichome vizuri. LPG inataka hewa zaidi kidogo, kama 15.5. Kompyuta haiwezi kuona ndani ya silinda, kwa hivyo inanusa moshi kupitia sensa ya oksijeni. Ikikuta oksijeni imebaki kwa moshi, inasema hapa mafuta hayatoshi, inaongeza. Na kile inaongeza inaandika kwa asilimia. Hiyo asilimia inaitwa trimu. Ikicheza karibu na sufuri, mambo sawa. Ikipita 10, kuna jambo. Ikifika ishirini na kitu na ikae hapo, kompyuta inachoka inawasha taa.

Sasa, mtego. Silinda ikimisi, hewa yake haijachomeka, inatoka na oksijeni yake yote. Sensa inainusa inasema "mafuta kidogo" hata kama mafuta yalikuwa yanatosha. Kwa hivyo ukisoma hizo kodi mbili, hujui nani alianza. Je, gari inamisi kwa sababu mafuta ni kidogo, ama inaonekana ina mafuta kidogo kwa sababu inamisi? Fundi wa plagi na fundi wa koili walikuwa wanabahatisha upande mmoja wa hilo swali, kwa pesa yetu.

Binamu yangu alianza na kitu cha bure. Akatoa koili ya silinda ya 3 akaibadilisha na ya silinda ya 1. Kama koili ndiyo mbaya, kumisi kungehama nayo. Haikuhama. Akafanya hivyo hivyo na plagi. Haikuhama.

Halafu akafanya kile ambacho, kusema ukweli, yeyote mwenye gari ya mafuta mawili anaweza kufanya na hakuna fundi aliyekuwa amefikiria. Akapima gari ikiwa kwa petroli, akaandika namba. Akabonyeza swichi, akapima ikiwa kwa gesi, akaandika tena. Kila mara akipima injini ikinguruma tu bila kukanyagwa, na tena ikiwa imekanyagwa hadi mizunguko 2,500.

Kwa petroli: bila kukanyaga, trimu 17. Ukikanyaga, 5. Na haikuwa inamisi kabisa.
Kwa gesi: bila kukanyaga, 26, na silinda ya 3 inamisi. Ukikanyaga, 9.

Akanyamaza akiangalia hiyo karatasi. (Aliandika nyuma ya risiti ya Naivas.) Mimi nilikuwa naona tu namba. Akanionyesha.

Moja: petroli haimisi lakini trimu bado iko juu. Kwa hivyo kumisi hakukuanza, mchanganyiko ndio ulianza. Mbili: shida iko kwa mafuta yote mawili, hata kama kwa gesi ni mbaya zaidi. Petroli haipiti kwa mtungi wa gesi, haipiti kwa chujio lake, haipiti kwa kile chombo cha kupunguza presha. Basi kuna kitu ambacho pande zote mbili zinashiriki, na pande zote mbili zinashiriki hewa. Tatu: namba inashuka ukikanyaga. Kama ni mafuta ndiyo hayafiki, tuseme chujio limeziba, shida ingekuwa kubwa zaidi injini ikiitisha mafuta mengi. Hii ilikuwa kinyume. Tundu dogo linaloingiza hewa ni kubwa wakati injini inavuta hewa kidogo, lakini ukikanyaga, hewa inakuwa nyingi mpaka ile ya tundu haionekani.

Kuhakikisha, tulipanda watu watatu tukapandisha Waiyaki Way kuelekea Uthiru, gari ikiwa kwa gesi, mguu chini. Trimu ikakaa chini. Baba alikuwa anaendesha huku anaangalia simu yangu kuliko barabara, nikamwambia aache.

"Kuna mahali inavuta hewa," binamu akasema.

"Lakini fundi alipaka sabuni," Baba akajibu. "Haivuji."

Sitasahau vile alicheka. "Anko, sabuni inaonyesha kitu kikitoa. Hii haitoi. Hii inavuta ndani."

Kumbe injini ikinguruma tu, ndani ya manifoldi kunakuwa na mvuto kama wa mtu anayefyonza soda kwa mrija. Ukipaka povu juu ya ufa hapo, halitoi mapovu, linafyonzwa ndani. Yule fundi alikuwa ameuliza swali ambalo kwa paipu hiyo haliwezi kujibu ndio.

Akaingia kwa nyumba akatoka na chupa ya Mamangu ya kunyunyizia nywele. Maji matupu. Aliniambia watu wengine hutumia dawa ya kusafishia kabureta, lakini hiyo inashika moto, na karibu na moshi wa moto kwenye gari yenye gesi hataki kuiona. Gari ikawekwa kwa petroli, akaanza kunyunyiza tone tone, ungio moja baada ya jingine, akiepuka waya. Mimi nimeshika simu naangalia trimu. Paipu ya mpira ya kwanza, ile inayotoa gesi kwa injekta kuingiza kwa manifoldi: hakuna kitu. Ya pili: hakuna. Ya tatu, pale chini ya klipu: injini ikabadilisha sauti. Ikatulia kama mtoto amepewa titi. Kwa simu trimu ikaanza kuteremka, 17, 12, 8, halafu maji yakaisha kwa ufa ikapanda tena.

Ufa wenyewe ulikuwa mdogo kuliko ukucha. Mpira ulikuwa umekauka na joto, klipu imekazwa sana, na ukipinda kidogo tu ndio unauona. Na ni paipu ya silinda ya 3, kwa hivyo kwa gesi shida ilikuwa maradufu: hewa ya ziada inaingia kwa mlango ule ule wa gesi ya hiyo silinda. Kompyuta ilikuwa inaongezea silinda zote nne kwa pamoja, kwa sababu sensa inanusa moshi wa zote. Tatu zinapata zaidi ya haja, moja bado inalia njaa.

Alifunga valvu ya mtungi, akaacha injini imalize gesi iliyobaki kwa mfereji, akazima, ndio akafungua. Tulienda Grogan tukanunua mita moja ya paipu ya gesi, sio ile ya maji, na klipu nane. Sh 600 jumla. Akabadilisha zote nne, kila moja urefu sawa. Baada ya siku tatu za kazi trimu ilikuwa 2 kwa petroli na 3 kwa gesi. Valvu ziko mahali pake. Dadangu alirudi shule Jumatano badala ya Jumatatu, na mwenye kununua mtungi alitutumia ujumbe wa hasira.

Nikaposti video ya pili, ya kusema nilikosea. Imetazamwa na watu wachache mpaka naona aibu kuandika namba. Ile ya kwanza bado inazunguka kwenye magrupu ya madereva, na hata nikiifuta watu walishaihifadhi.

Wiki jana kijana mmoja wa teksi, wa Umoja, alinitumia sauti. Alikuwa ameona ya kwanza. Gari yake ilikuwa inatikisika vile vile, akatoa gesi, akauza kila kitu kwa sh 20,000, zile tundu za manifoldi fundi akazifunga kwa vipande vya mpira na klipu. Hakuwa ananitukana. Alikuwa anauliza swali moja tu: sasa iko petroli peke yake, mbona bado inatetemeka?

Nilisikiza hiyo sauti mara tatu kabla ya kumjibu. Anakuja Jumapili asubuhi. Binamu ataleta kadude kake. Chupa ya nywele nimeshaificha, Mamangu anaitafuta.