Toka Bukama kwa balenieri: maji, mazutu na samaki

Wengi wetu hapa Kolwezi tunaujua mto Lualaba kwa sababu ya umeme. Mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa miaka ya 1950, yanakamata nguvu ya mto pale unapoteremka kwa kasi katikati ya mawe. Lakini mto uleule ukifika Bukama unatulia na kupanuka, na kutoka pale boti zinaweza kushuka hadi Kongolo, zaidi ya kilometa 600. Reli ilifika Bukama mwaka wa 1918, na tangu wakati ule mizigo inatoka kwenye treni na kuingia ndani ya boti.

Mwezi wa saba tulikwenda wanawake wanne, tukapitia Tenke hadi Bukama, kisha Malemba-Nkulu kutafuta samaki wakavu. Naandika kwa ajili ya wale wanaotaka kufuata njia hiyo.

Balenieri ni boti ndefu ya mbao yenye moteri. Kabla ya kulipa, tuliitazama kwanza bandarini. Mbao zikipasuka, wenye boti huziba nyufa kwa vitambaa na gudroni. Ndani maji kidogo hayakosi, na kijana mmoja kazi yake ni kuyachota mchana na usiku. Mekanisie alipima mafuta ya moteri, akasafisha chujio la mazutu, akatuonyesha mkanda wa akiba. Boti isiyo na mkanda wa akiba inaweza kulala siku mbili kando ya matete. Mazutu hununuliwa Bukama yote ya kwenda, maana mbele bei inapanda, na mara nyingine yamechanganywa na maji.

Sisi nasi tulijaza vyetu: unga wa bukari, chumvi, sukari, sabuni, makala na mbabula ndogo. Chumvi na sabuni ni chakula na pia ni feza, kwa kuwa wavuvi wanakubali kubadilishana kwa samaki.

Ziwa Kisale ni la kushangaza. Mafunjo yanafungamana na kuwa visiwa vinavyoelea, na juu yake wavuvi wamejenga nyumba, wanapika na kulea watoto. Hapo ndipo moteri inateseka. Majani yanajizungusha kwenye helisi, na kila mara kijana anashuka na kisu kuyakata. Wakati wa kiangazi kuna pia mchanga katikati ya mto. Mtu anasimama mbele na mti mrefu kupima kina. Giza likiingia, kapiteni mwenye akili anafunga boti ukingoni. Akitaka kuendelea bila taa, wamama wapige kelele.

Jambo kubwa kuliko yote ni maji ya kunywa. Kipindupindu kinarudi mara nyingi katika vijiji vya Bukama na Malemba-Nkulu, maana watu wananywa maji yaleyale wanamojisaidia. Tulibeba bidoni tatu za maji yaliyochemshwa, na kila jioni tulipofunga boti tulichemsha mengine. Siku ya pili mtoto wa abiria mmoja alianza kuhara sana. Tulichukua lita 1 ya maji yetu, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, tukamnywesha kidogo kidogo usiku wote. Asubuhi mama yake alimpeleka kwenye kituo cha afya, naye mtoto alikuwa bado na nguvu ya kulia. Maji, sukari na chumvi vinampa mtoto muda wa kufika kwa muganga. Havichukui nafasi ya muganga.

Kurudi ni kazi nyingine. Kila mtu anataka kuongeza vikapu vya samaki, na boti inazama mpaka maji yanakaribia ukingo. Tuliacha vikapu viwili kwa safari ya nyuma. Faida ilipungua, lakini watoto wetu walituona tukirudi.

Anayetaka kwenda, aweke haya kwanza: maji, sukari, chumvi, sabuni, tochi, na jile ya kuokolea kwa kila mtoto. Bidhaa zifuate nafasi inayobaki.