Kiti Tulichomnunulia Mama



Mama yetu alipotimiza miaka 68, sisi watoto wake tulikutana tukakata neno moja: Mama apumzike. Hadi siku ile alikuwa akienda shambani karibu kila asubuhi, mwendo wa saa nzima kutoka nyumba yetu ya Kadutu, jembe begani. Jioni alirudi na kuni na mihogo mgongoni, kamba ya mzigo imemkaza kwenye paji la uso. Sisi tunaowaandikia tulikuwa tumekwisha kuwa mwalimu wa walimu, na tuliona haya. Watu wangesema nini juu ya mtoto aliyesoma, ambaye mama yake bado anapanda mlima na mzigo? (Mshahara wa mwalimu mnaujua, lakini haya haiulizi mshahara.)

Basi tulimnunulia kiti cha mbao chenye mto, tukakiweka mbele ya mlango. Shamba tukampa binamu. Tukamwambia: «Mama, umetulea vya kutosha, sasa ukae.» Naye akakaa, kwa utii uleule aliotudai sisi tulipokuwa wadogo.

Katika mwaka wa tano alianza kuuliza swali lilelile mara tatu kabla chai haijapoa. Akasahau chungu motoni. Akapotea akitoka sokoni, katika njia aliyoipita miaka arobaini. Jioni moja alitutazama kwa upole mwingi, akasema: «Papa, wewe ni mtoto wa nani?» Tulitoka nje, tukasimama uani mpaka giza likaingia.

Lakini lililotutia hofu kuu lilitokea usiku. Mama alikuwa akiamka akitaka kwenda shambani. Usiku mmoja alifungua mlango sisi tukiwa tumelala, akaingia katika uwanja wa jirani, akakaa chini na kuanza kuchimba udongo kwa vidole. Tulipofika tulikuta vijana wapatao kumi wamemzunguka. Neno «mchawi» lilikuwa limekwisha kutamkwa, na mmoja alikuwa ameshika jiwe. Wawili kati yao tuliwafundisha katekisimu sisi wenyewe. Mnajua, kama tunavyojua, kwamba katika Kivu yetu akina mama wazee wameuawa kwa neno hilo. Usiku ule jiwe lilianguka chini kwa sababu mmoja wao alitutambua, akaona aibu. Tunajiuliza mara nyingi ingekuwaje kama tungechelewa kutafuta viatu.

Daktari aliyempima Mama hakutaja pepo wala mchawi. Alitaja ugonjwa wa ubongo uitwao demensia, ambao humwondolea mtu kumbukumbu na busara kidogo kidogo. Aina yake iliyoenea kuliko zote huitwa Alzheimer, kwa jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1901, huko Frankfurt, alianza kumchunguza mwanamke wa miaka 51 aliyekuwa akisahau mno. Miaka 51 tu, sisi tumeipita. Wengine hudhani ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti walipowapima wazee wa miaka 65 na zaidi katika mji wa Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka Kinshasa, walikuta karibu 7 kati ya 100 wana demensia.

Tulimwuliza daktari swali lililokuwa likituchoma: je, ni kile kiti? Akajibu kwamba ugonjwa huu huanza kimyakimya ndani ya ubongo, pengine miaka 15 au 20 kabla ya dalili kuonekana. Kwa hiyo tusijihukumu. Jibu hilo lilitutuliza kwa juma moja. Halafu, kwa tabia ya mwalimu, tukaanza kusoma.

Ubongo ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Ndani yake, upande wa kushoto na wa kulia, mna sehemu ndogo iliyokunjika iitwayo hipokampi, inayopokea mambo mapya na kuyaandaa yahifadhiwe. Mtu akizeeka, sehemu hiyo husinyaa. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitangaza habari za wazee 120 wasio na demensia. Nusu yao walitembea dakika 40, siku tatu kwa juma, mwaka mzima. Nusu nyingine walinyoosha viungo tu. Mwishoni, hipokampi ya waliotembea ilikuwa imeongezeka karibu asilimia 2, na ya wenzao imepungua kwa zaidi ya asilimia 1. Hawakukimbia, hawakuinua vyuma, walitembea. Tuliposoma hayo tulipiga hesabu. Mama alikuwa akitembea dakika 120 kwa siku, na mzigo juu, nasi ndio tuliomkomesha.

Jinsi mambo yanavyokwenda si fumbo. Anayetembea kwa nguvu huupelekea ubongo damu zaidi. Presha hushuka, sukari ya damu hutulia, mishipa midogo ya kichwani haizibiki upesi, na mwili hutoa vitu vinavyozilisha chembe za ubongo na kuzisaidia kuungana. Wataalamu walioitwa na jarida la uganga The Lancet waliorodhesha, mwaka 2024, mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia, wakasema kwamba kama yote yangeondolewa, karibu nusu ya demensia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kutoutumikisha mwili ni mojawapo. Yamo pia presha, kisukari, kutosikia vizuri, kukosa masomo utotoni (walimu, mwasikia?), na upweke. Hapo kwenye upweke tulifunga kitabu. Kiti chetu kilimpa Mama mambo mawili kwa pamoja, maana rafiki zake wote walikuwa wale wa njia ya shamba. Walipanda pamoja wakicheka na kusengenya kidogo, wakashuka pamoja. Mbele ya mlango wetu hakukuwa na mtu.

Lakini tusiwadanganye. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la watu 494 waliokwisha kupatwa na demensia. Waliopewa mazoezi magumu kwa miezi minne walipata nguvu ya mwili, ila kumbukumbu haikurudi, wala ugonjwa haukupunguza mwendo. Akija mtu kuwauzia dawa au mazoezi ya kumrudishia mzee akili, linda fedha zenu. Mazoezi yana faida kubwa kabla ya ugonjwa, tena katika umri wetu sisi wa miaka hamsini, tunaopanda pikipiki hata kwa mwendo wa dakika kumi. Tumeacha kuipanda. Tunafika kwenye mafundisho tumelowa jasho, na mnatucheka, tumewasikia.

Nanyi msidhani jambo hili ni la wazee peke yao. Mwaka 2016, katika mji wa Nijmegen nchini Uholanzi, watu 72 walijifunza mahali pa picha mbalimbali. Kundi moja likaendesha baiskeli ya mazoezi mara baada ya somo, jingine saa nne baadaye, jingine halikuendesha kabisa. Baada ya siku mbili, waliokumbuka vizuri zaidi ni wale wa saa nne baadaye. Tangu tulipolisoma hilo hatugombani tena na wanaoondoka kucheza mpira mchana baada ya somo la asubuhi. Ila somo lenyewe mlihudhurie.

Hata hivyo Mama tunatembea naye, ingawa hatutazamii apone. Mjukuu wake humshika mkono kila alasiri mpaka kwenye kona ya barabara na kurudi, naye sasa hulala usiku. Kama mna mzee nyumbani, mpokeeni mzigo ulio mzito, mwachieni ulio mwepesi, mtembee naye taratibu. Na mkimkuta wa jirani anazunguka gizani, mshikeni mkono mumrudishe kwake.

Majina yetu Mama hayajui tena, lakini rozari huisali yote bila kukosa neno. Daktari alitueleza kwamba mazoea ya zamani yamekaa mahali pengine katika ubongo, na huchelewa kuguswa. Tulilielewa neno hilo mwezi uliopita, tulipompeleka kwa gari hadi chini ya mlima, tukampandisha polepole mpaka shambani. Binamu alimpa jembe. Akalipima mkononi, akainama, akapalilia mstari mzima wa maharage bila kung'oa mche hata mmoja. Kisha akanyoosha mgongo, akatuuliza shamba hili ni la nani.

«Ni lako, Mama.»

Akatazama huku na huku.

«Basi nani ameliacha liote majani hivi?»