Jua Halikukata Intaneti
Jumapili ya Mei 12, 2024, intaneti ilianza kugoma nikiwa Bomet kwa kogo. Nikaposti fasta: "Jua limetuzimia!" Watu wakashea vibaya sana. Kumbe ni nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika.

Dhoruba ya jua ilikuwepo kweli, tangu Mei 10. Yale madoa meusi ya jua ni mahali sumaku ni kali hadi inazuia joto kupanda. Sumaku ikijisokota kupita kiasi, inakatika na kujiunga upya, boom, mlipuko. Madoa hujaa kila miaka kama 11, na ncha za sumaku hubadilishana.

Nikamweleza kogo hayo yote tukirudi kutoka kwa majani chai. Akasikiza, akauliza, "Na huo uongo umeufuta?"

Bado. Leo ndio naufuta.