Mama Anataka Permanenti

Kwetu Kakamega nyumba ni za aina mbili tu: ya udongo na permanenti. Ya udongo unazaliwa ndani yake. Permanenti unaipigania. Mamangu amepigania yake miaka 11, kwa pesa za chama na akiba ya sacco, na kila alipolipa karo yangu ya chuo alijua hizo ni kuta zake zinaondoka.

Sasa fikiria nikimwambia kwamba utafiti wangu wa uzamili, kwenye uhandisi wa majengo, unahusu matofali ya udongo.

Alinyamaza kidogo kwa simu. Halafu akasema, "Mwanangu, nimelala kwa udongo maisha yangu yote. Nilikupeleka Nairobi usome ndio uje unirudishe kwa udongo?"

Wasee, hilo swali halijawahi kuja kwa mtihani wowote.

Nilimjibu kihandisi, kwa sababu ndiyo lugha niliyokuwa nayo. Saruji hutengenezwa kwa kupika mawe ya chokaa kwa joto la karibu nyuzi 1,450. Moto unatoa hewa ya kaboni, lakini jiwe lenyewe pia linaitoa likipikwa, kwa hivyo hata ukibadilisha kuni au makaa bado tatizo liko. Saruji peke yake inachangia karibu asilimia 8 ya hewa hiyo inayotolewa na binadamu duniani. Matofali ya kuchoma nayo yanakula miti, na mikaratusi ya boma letu imebaki ya kuhesabu.

Tofali letu halichomwi. Unachimba udongo mwekundu wa chini, si ule wa juu wenye mizizi. Unauchekecha, unachanganya na saruji kidogo, asilimia 5 hadi 10, maji kiasi tu, halafu unaushindilia kwa mashine ya mkono. Mashine za aina hiyo zilianza Kolombia miaka ya 1950, kwa hivyo si kitu cha jana. Ukishalitoa, unalifunika kwa nailoni na kulinyunyizia maji, likomae. Siku 28 zikiisha, tunalipeleka maabara kuliponda tuone linabeba uzito gani.

Mama alisikiliza yote. "Sawa," akasema. "Na mwalimu wako analala kwa nyumba gani?"

Nilikosa jibu. Kwenye makala tunazosoma, tofali hili karibu kila mara ni la "watu wa mapato ya chini". Sisi tunaoliandikia tunakaa kwa ghorofa za saruji na tunalipima ndani ya jengo la saruji.

Ningeweza kumtajia Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka huko na kuua watu zaidi ya 40. Kwa hesabu ya kwetu, ile ilikuwa permanenti. Ukuta unasimama kwa sababu ya msingi, kipimo cha mchanganyiko na mtu anayekagua kazi. Jina la kifaa haliushikilii.

Lakini Mama hakuwa anaogopa kuangukiwa. Udongo anaoujua ulimdai mikono yake kila Desemba: kukandika upya, kuziba nyufa, kupigana na mchwa, haraka haraka kabla wageni wa Krismasi wafike. Wakija wazee wa mahari au watu wa matanga, wanaangalia ukuta kwanza, ndio wakuangalie wewe. Mtu aliyeishi hivyo huwezi kumtuliza kwa megapaskali.

Nilisafiri na matofali mawili ndani ya gunia. Mama alilipokea moja, akalipiga kwa kifundo cha kidole, akalilaza chini ya mabati pale maji yanapodondokea, maana hatuna mfereji. Kando yake akaweka tofali bichi la jirani, lililokaushwa tu na jua. "Tutaona."

Maabara tuna jaribio karibu sawa na hilo: unadondosha maji kutoka kimo fulani, kisha unapima shimo. La Mama lilichukua Aprili nzima na nusu ya Mei.

Tofali la jirani lilikuwa uji kabla ya Pasaka kusahaulika. Langu lilibaki tofali, lakini pembe moja ilikuwa imelainika na juu kulikuwa na kijishimo. Mama alitia kidole mle. "Hapa limeliwa."

Ni kweli, lilikuwa limeliwa. Nikamwambia ndiyo maana ukuta huu unawekwa juu ya msingi wa mawe, na paa linatokeza mbele, ili maji yasiufikie hivyo. Akaniuliza kama niko tayari kuweka pesa zangu hapo.

"Niko tayari."

"Basi anza na simba yako."

Simba ni kile kijumba ambacho kijana wa kwetu hujijengea kwenye boma la wazazi. Yangu nilikuwa nimeiahirisha miaka mingi. Sasa imesimama: chumba kimoja, msingi wa mawe, mabati yaliyotokeza pande zote. Pesa za sacco Mama hajazigusa. Amesema atahesabu misimu miwili ya mvua. Fundi alitaka kupiga plasta ndio ipendeze. Nilimwambia ukuta ule unaopigwa na mvua zaidi, unaotazamana na mlango wa Mama, auache wazi.